Mikono Iliyotufungulia Habari

Mjukuu wangu wa darasa la sita, aliyekuja Kaengesa kutoka Dar es Salaam kwa likizo ya mwezi wa Juni, mwezi ambao baridi ya Ufipa humfundisha hata mgeni mkaidi kulala na soksi, alikuwa ameketi jikoni kando ya moto, akitazama katuni ya Kijapani katika simu ya mama yake. Na mimi, niliyekuwa nikikoroga chai kwa mkono mmoja na kufukuza moshi kwa mkono wa pili, nilivutwa sikio kabla ya jicho na wimbo uliofungulia katuni ile. Tarumbeta zililia kama za bendi ya polisi siku ya gwaride, kisha ikatoka sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito, safi, isiyobana wala kubembeleza, ikaimba kana kwamba wasikilizaji wake si watoto wenye kamasi bali ni kikosi kinachoagwa bandarini. Nilidhani amekosea akafungua kitu kingine. Nikatazama: lilikuwa sanamu kubwa la chuma lirukalo angani.

“Nani huyo anayeimba?” nikamwuliza.

“Mizuki, Babu. Ameshakufa.”

“Umemjuaje?”

“Si wameandika jina hapo?” Akairudisha picha nyuma kwa kidole, akanionyesha. Kweli, chini ya lile sanamu, wimbo ulipokuwa ukiendelea, yalipita maandishi ya Kijapani, na mtu mwenye hisani alikuwa ameyafasiri pembeni kwa herufi tuzisomazo sisi: ametunga nani maneno, ametunga nani sauti, ameimba nani. Yote hayo katika muda usiozidi dakika moja na nusu, ambao ndio muda wa desturi wa wimbo wa kufungulia katuni nchini mwao.

Nami nikaona ni zamu yangu kumfunza jambo, kwani babu asiyekuwa na la kufundisha huwa mzigo tu kwa wenye nyumba. Nikamwuliza kama anazijua ngoma za taarifa ya habari. Akacheka, akageuza kigoda, akazipiga kwa vidole bila kukosea. Nikamwuliza: aliyezipiga ni nani? Akafikiri kidogo, akanijibu kwa uhakika wa mtu wa mjini: “Kompyuta.”

Sikumkemea, maana nilipojipekua mwenyewe nilikumbuka kwamba hata mimi, niliyezisikia ngoma zile tangu sijaota ndevu, nilikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwalimu mwenye cheti na mke, nilipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba zilipigwa na mtu mmoja, naye ni kipofu, na jina lake ni Mzee Morris Nyunyusa. Miaka yote ile nilikuwa nikidhani ni kundi la watu, labda wa jeshi, labda wa chuo cha sanaa. Wala sikuwa peke yangu. Siku niliyolisema jina hilo kilabuni, wazee watano wenye akili zao waliniambia nimelitunga.

Basi nina neno moja tu la kusema leo, na wasomaji wanisamehe nikilisema kwa kuzunguka kidogo: kwamba nyimbo na midundo ya kufungulia vipindi ndiyo muziki uliosikilizwa na watu wengi zaidi katika nchi hii kuliko muziki wa bendi yoyote au taarabu yoyote, na waliotupigia na kutuimbia tumewaacha bila majina, kama mtu anayebisha hodi kila siku mlangoni pako, ukamfungulia kila siku, wala usimwulize hata siku moja anaitwa nani.

Kijana wa leo hawezi kuijua hadhi ya ngoma zile asipohadithiwa jinsi redio ilivyokuwa. Katika kijiji chetu, miaka ile, redio zilihesabika kwa vidole, na yetu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama, na mtoto aliyeigusa pasipo idhini alijua kitakachomfika. Waya wa antena ulitoka dirishani ukapanda mkaratusi, kwa sababu kutoka Dar es Salaam hadi uwanda huu wa juu sauti ilikuja kwa masafa mafupi, ikipanda na kushuka kama mtu anayezungumza huku akitembea kwenye upepo. Betri zilikuwa za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita, kampuni ya Kijapani iliyotufikia katika miaka ya sitini. Na zilipochoka, baba hakuzitupa, alizianika juani mchana kutwa juu ya ungo, pamoja na ulezi, akazifunga tena kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, nazo zikatupa siku mbili tatu za nyongeza. Kwa hiyo Mjapani alikuwa ndani ya nyumba yetu kitambo kabla ya katuni yake. Yeye alileta umeme mdogo wa kisanduku, na Mzee Morris akauingiza mdundo.

Ilipokaribia saa mbili ya usiku hapakuwa na haja ya saa. Ngoma zililia, na kila aliyekuwa na jambo aliliacha nusu: mama aliinua mwiko kutoka chunguni akautua juu ya kifuniko, baba alipunguza utambi wa taa kana kwamba mwanga nao ulikuwa kelele, na jirani asiyekuwa na redio alikohoa uani kwa adabu ili akaribishwe. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na wa 1979 ulioufuata, wenye watoto jeshini walizisikia ngoma zile kwa namna nyingine kabisa. Nilimwona mama mmoja, jirani yetu, akishika kiuno kila zilipoanza, akakiachia tu msomaji alipomaliza habari za mstari wa mbele. Mdundo ni uleule, wa furaha kwa mwenye furaha na wa hofu kwa mwenye hofu, na huo ndio ustadi wa mpigaji: kutengeneza mlango wenye upana wa kupitisha harusi na jeneza.

Na fikiri, msomaji, kwamba aliyeutengeneza mlango huo hakuona. Alijizungushia ngoma nyingi, kubwa kwa ndogo, kila moja na sauti yake, akazipiga zote peke yake, mkono wa kulia haujui kupumzika wala wa kushoto haujui kupotea, hata msikilizaji akaapa kwamba wapo watu zaidi ya mmoja. Watu wa Dar es Salaam waliopata kumwona walikuwa na bahati yao. Sisi wa huku tulipata sauti bila sura, na hilo lisingekuwa aibu, maana redio ni chombo cha sauti. Aibu ni kwamba tulipata sauti bila jina, ilhali jina nalo ni sauti, tena fupi.

Turudi kwa yule Mjapani. Ichiro Mizuki alizaliwa mwaka 1948, akatoa santuri yake ya kwanza mwaka 1968 akiimba mambo ya mapenzi kama waimbavyo vijana wote duniani, na dunia, kama ifanyavyo aghalabu, haikumsikiliza. Mwaka 1971 akaitwa kuimba wimbo wa katuni. Kazi hiyo wakati ule haikuwa na heshima kwao, kama isivyokuwa na heshima kwetu leo. Jalada la santuri lilichorwa picha ya katuni, si sura ya mwimbaji, na mwimbaji mwenye majivuno aliona ni sawasawa na kualikwa harusini akawekwe jikoni. Yeye akaenda. Mwaka uliofuata akaimba wimbo wa Mazinger Z, sanamu lile la chuma alilokuwa akilitazama mjukuu wangu, uliotungwa sauti na Michiaki Watanabe, na santuri ile ikauzwa kwa mamia ya maelfu. Toka hapo hakuondoka tena mlangoni. Aliimbia watoto kwa nusu karne, nyimbo zaidi ya elfu, na mwaka 1999, alipokuwa amepita miaka hamsini ya umri, alipanda jukwaani akaimba nyimbo elfu moja katika saa ishirini na nne, jambo ambalo mimi, niliyepata kuongoza kwaya ya kigango, nikilifikiria tu koo hunikauka.

Kinachonishangaza zaidi si idadi. Ni namna alivyoimba. Kwetu, mtu mzima akiombwa kumwimbia mtoto huibana sauti ikawa nyembamba, akajifanya paka au kifaranga, akaimba maneno matatu yanayorudiwa mpaka mtoto mwenyewe akachoka. Kana kwamba mtoto ana masikio nusu. Mizuki alimpa mtoto sauti nzima, ile ile ambayo angempa mfalme, na wapiga tarumbeta wa kweli wakamfuata nyuma. Mtoto anajua akiheshimiwa. Ndiyo maana wale waliokuwa na miaka saba mwaka 1972 waliendelea kwenda kumsikiliza wakiwa na mvi, na tarehe 27 Novemba 2022, alipokuwa akiugua saratani na akiletwa jukwaani kwa kiti cha magurudumu, walijaa ukumbini wakaimba naye. Pembeni yake alisimama Mitsuko Horie, mkongwe mwenzake. Siku tisa baadaye, tarehe 6 Desemba, Mizuki alifariki, na umri wake miaka 74.

Huyo Horie naye ana kisa kinachostahili kuhadithiwa. Alianza kazi hii mwaka 1969 akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na mwaka 1977 akaimba wimbo wa katuni iitwayo Voltes V. Katuni hiyo ikavuka bahari ikaenda Ufilipino, ikapendwa hata rais wao, Ferdinand Marcos, akaipiga marufuku mwaka 1979 kabla haijafika mwisho, watoto wakabaki hawajui shujaa wao ameshinda au ameshindwa. Wimbo, lakini, haukupigika marufuku. Wafilipino waliokuwa watoto siku zile wanauimba hadi leo kwa Kijapani, lugha wasiyoijua, neno kwa neno. Msomaji wa Ufipa asishangae. Sisi tuliolelewa karibu na misheni tuliimba Kilatini kila Jumapili tukiwa hatujui hata kuomba maji kwa lugha hiyo, na nyimbo za Kilingala zilizovuka Ziwa Tanganyika tulizikariri kwa namna iliyomfanya Mkongo mmoja, mfanyabiashara wa dagaa, atulie kusikiliza kisha aulize kwa upole tulikuwa tukisema nini.

Ndugu zetu wasemao Kiswahili kule Maskati nao wana lao. Waliokulia Uarabuni wakati televisheni zilipoanza kuonyesha Grendizer, katuni nyingine ya ukoo wa Mazinger, iliyofasiriwa kwa Kiarabu huko Lebanoni, hawakumsikia Isao Sasaki aliyeuimba wimbo wake kwa Kijapani, bali walimsikia Sammy Clark, Mlebanoni. Na Clark alipofariki mwezi wa Februari mwaka 2022, Waarabu kutoka Baghdadi hadi pwani ya Omani, wenye ndevu na vitambi, walimlilia kwa jina lake. Nasema tena: kwa jina lake.

Sasa, nisije nikaonekana mtu aliyelewa mvinyo wa ng’ambo, nataja na dhuluma yao. Huko huko Japani alikuwako Masato Shimon, mwimbaji wa katuni za shujaa Gatchaman na nyinginezo, ambaye mwaka 1975 aliitwa kuimba wimbo wa kipindi cha watoto juu ya andazi lililookwa kwa umbo la samaki, ambalo lilichoka kuokwa kila siku likatorokea baharini. Alilipwa ujira wa mara moja, yen elfu hamsini, mkataba ukafungwa. Santuri ile ikauzwa zaidi ya milioni nne, ikawa santuri ya wimbo mmoja iliyouzwa kuliko zote katika historia ya nchi hiyo, na Shimon, kwa haki ya mkataba, hakuwa na mgao. Kampuni ilimpa bahashishi ya fedha na gitaa, kama mtu anayempa punda aliyebeba gunia konzi ya pumba. Kwa hiyo sisemi kwamba Wajapani ni malaika. Fedha walimpunja. Lakini jina hawakumnyang’anya: kila Mjapani aulizwaye juu ya andazi lile atakwambia nani aliliimba, na kwa ajili ya jina hilo dhuluma yenyewe ikajulikana, ikasemwa, na waliokuja baada yake wakajua la kudai. Mtu asiyekuwa na jina hata kupunjwa kwake hakuna anayekujua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu mmoja, mtu wa redio aliyestaafu, ambaye nilipomweleza haya alinijibu kwamba jambo la maana ni malipo, na jina halinunui unga. Ni kweli halinunui. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, ilikuja kuwapa wapigaji na waimbaji haki juu ya kazi zao, si watunzi peke yao, na COSOTA ikaundwa kuisimamia; walakini sheria hiyo ilizaliwa wakati kanda nyingi zilizotulea zilikuwa zimekwisha kujaa vumbi rafuni, na atakayeitumia lazima kwanza aweze kusema: kazi hii ni ya fulani bin fulani. Mlango wa hazina ni jina. Usipoandikwa mwanzoni, wajukuu wako watakwenda ofisini na machozi, waambiwe walete ushahidi, na ushahidi ni sauti ya ngoma isiyosema imepigwa na nani.

Rafiki yangu huyo aliongeza hoja ya pili, na hii ina uzito zaidi: kwamba kipindi kina dakika zake, na mtangazaji akianza kutaja wapiga ngoma kabla ya kila taarifa ya habari, habari zenyewe zitasomwa saa tatu. Sijaomba hivyo. Naomba mara moja kwa siku, labda redio inapofungua matangazo alfajiri, au mara moja kwa juma, msomaji aseme kwamba ngoma mzisikiazo zimepigwa na fulani, na wimbo wa kipindi cha wakulima umeimbwa na fulani. Kulitaja jina la Mzee Morris Nyunyusa kunachukua pumzi moja, nimelipima jikoni. Matangazo ya sabuni yanachukua zaidi.

Wala kuandika majina si jambo la kuazima ugenini. Njoo Kaengesa Jumapili, hapa ambapo seminari imetuzoesha masikio yetu kwa nyimbo za sauti nne, ukae nyuma ya kwaya yoyote, uitazame karatasi ya nota aliyoishika msichana wa sauti ya kwanza. Imenakiliwa na kunakiliwa tena hata herufi zimefifia, ina madoa ya mafuta ya taa kutoka mazoezi ya usiku, pembe moja imekatika. Juu kushoto kuna ufunguo wa wimbo, chini yake do, re, mi zimepangwa kwa nukta na mistari. Na juu kulia, palipobaki peusi kuliko mahali pote kwa sababu kila anayenakili hulirudia kwa kalamu, kuna jina la mtunzi. Mkulima wa mahindi wa kijiji hiki, ambaye hajapata kufika Morogoro, atakwambia bila kusita kwamba wimbo huu wa sadaka ni wa John Mgandu na ule wa mwisho ni wa Bernard Mukasa, naye atabisha nawe ukikosea, hata atakushika mkono mkaulizane kwa mwalimu wa kwaya. Mtu huyo huyo, ukimwuliza juu ya ngoma za redio alizozisikia mara elfu kumi, atainua mabega. Kosa si la kichwa chake. Kwaya ilimwandikia, redio haikumwambia.

Tena hadithi zetu zenyewe zilikuwa na wimbo wa mlangoni kabla ya redio kuja. Anayesema paukwa akajibiwa pakawa amefungua kipindi. Na bibi zetu wa Ufipa, waliosimulia usiku tukiwa tumejibanza kwa baridi na mahindi ya kuchoma mikononi, walikuwa na nyimbo ndani ya hadithi, ambazo sote tuliitikia, na kila mtoto alijua hadithi hii ni ya bibi yupi. Deborah Mwenda, aliyetusimulia katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, aliirithi kazi hiyo ya bibi, naye, kwa bahati njema, alipata kutajwa, kwa sababu msimuliaji hukaa mbele. Mwimbaji na mpiga ngoma hukaa nyuma ya pazia, na pazia letu ni zito mno.

Siku hizi tunazo katuni zetu wenyewe, na nashukuru kuziona. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilianza mwaka uliofuata kuonyesha Ubongo Kids kwenye televisheni ya taifa, likaleta na Akili, binti wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro, anayejifunza kuhesabu na kusoma pamoja na wanyama. Na hesabu na herufi hizo zimetiwa katika nyimbo, kwa Kiswahili chepesi, nazo si mbaya hata kidogo. Mjukuu wangu mwingine, wa miaka mitano, anaziimba akichota maji, akikosea maneno kwa ushujaa. Nilimwuliza yeye naye: anayeimba ni nani? Akanitazama kwa huruma. “Ni Akili mwenyewe, Babu.” Kwa mtoto wa umri huo jibu hilo ni sahihi, wala simwondolei raha yake. Walakini iko siku atafika darasa la sita, naye atataka kujua, na siku hiyo nataka pawepo mahali anapoweza kuweka kidole akasema: si wameandika hapo?

Na nina tamaa moja zaidi, ambayo wenye vituo vya redio na televisheni wanaweza kuicheka, ila nitaisema. Wangali hai, Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mwanza na hata mkoani kwetu, waimbaji wa bendi na wa taarabu waliopita miaka sabini, ambao koo zao zimekomaa kama kibuyu kilichotumika: hazitoi maji mengi, ila hayo machache ni matamu. Vijana wanawaita siku ya tamasha la zilipendwa, wanawapigia makofi, wanawapa kofia, wanawarudisha nyumbani kwa bodaboda. Kwa nini asiitwe mmoja wao akaimbe wimbo wa kufungulia kipindi cha watoto, kwa sauti yake yote, asiibane, na nyuma yake lipigwe gitaa la kweli na ngoma ya kweli? Mtoto wa Laela na wa Mpui, atakayemsikia jioni akirudi machungani, atakuwa naye miaka sitini mingine. Hakuna tamasha linalotoa muda huo. Wazee hao wanaondoka, na kila msiba tunasikia redio zikipiga nyimbo zao mchana kutwa kwa majuto, nami hujiuliza kwa nini majuto hayo huja daima baada ya sanda.

Niliwahi kuandika barua kwa kituo kimoja, sitakitaja, nikaomba waseme hewani jina la aliyepiga mdundo wao wa kufungulia matangazo. Ilipita miezi minne. Nikajibiwa kwa simu na kijana mwenye adabu sana, akaniita mzee wangu mara saba, akaniambia kwamba wametafuta na hakuna aliyebaki ofisini anayejua.

Jioni ile jikoni, baada ya kumweleza mjukuu wangu habari za Mzee Morris, alinyamaza, akazima simu. Kisha akauliza, kama waulizavyo watoto, swali ambalo sikulitarajia: kama alikuwa haoni, alijuaje ngoma ipi iko wapi? Nikamwambia afumbe macho. Nikampangia sufuria mbili, debe la unga lililokuwa limebakiza robo, sinia, na ile ndoo ya plastiki yenye ufa, nikamgeuza mara mbili ili apotee, nikamkabidhi miiko. Pigo la kwanza likaangukia goti langu. La pili likampata paka. Akarudia, akinyoosha mikono polepole, akigusa ukingo wa kila chombo kabla ya kukipiga, ulimi umetoka nje kwa bidii. Na alipokwisha kukariri mahali pa kila kimoja akaanza, kwanza polepole, halafu kwa kasi, mpaka mama yake akatokea mlangoni, taa mkononi, akitaka kujua ugali wa nyumba hii utapikiwa wapi.

“Subiri, Mama,” akasema, macho bado ameyafumba. “Taarifa ya habari haijaanza.”